Mafuta ya breki kwanza, kalipa nyekundu baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi wa breki hapa Igogo, Mwanza, tangu 1991. Nilianzia kwenye Fuso zinazopakia dagaa Mwaloni Kirumba. Siku hizi wateja wangu wengi ni vijana wenye Toyota Mark II na Chaser za miaka ya tisini, wanaozichezea wapate kuzikimbiza kwenye viwanja vya mbio nchi jirani. Ukurasa wenu wa magari uliwaandika hivi karibuni. Picha ni nzuri, sikatai. Ila mwandishi alianza na tabo ya kuongeza nguvu ya injini, akaja mafla, springi fupi, rimu, halafu mwishoni kabisa akawaambia wafunge na breki kubwa, basi. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Nitaeleza kwa kisa, maana kosa lenyewe na mimi nimo.

Mwaka jana kijana mmoja wa Nyakato, mtoto wa mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea Mark II yake, ile ya GX100, na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na kalipa nyekundu, yaani vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, kubwa kama mkate wa boflo, na diski zilizotobolewa matundu. Rimu zake za zamani zilikuwa ndogo, hazikuenea juu ya kalipa hizo, kwa hiyo alishanunua na rimu. "Mzee, nifungie hizi, wiki ijayo navuka mpaka wa Sirari kwenda mbioni Kenya." Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki, nikakuta meusi kama chai ya mkandaa. Nikamwambia haya tuyamwage yote. Akasema hela yote imeishia kwenye boksi. Basi nikafunga kalipa, nikajazia kwa kopo lililobaki nusu kwenye rafu, ambalo hata sikumbuki nililifungua lini, nikatoa upepo ulioingia kwenye mafuta, nikamwachia aende. Najua mafundi wenzangu wakisoma hapa watatikisa kichwa, na wana haki.

Jumamosi saa tano asubuhi simu ikalia. "Mzee, raundi ya tano pedali imezama mpaka kwenye zulia!" Alikuwa ameokolewa na uwanda wa nyasi mwisho wa kona. Nikamuuliza: ilikuwa ngumu ila gari haishiki, au ilizama? Maana hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbalimbali. Pedali ikiwa ngumu kama mti na gari linateleza tu, pedi zimezidiwa na joto, utazisikia hata kwa harufu. Pedali ikizama laini kama unakanyaga sponji, mafuta yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika mpaka kwenye gurudumu. Mvuke unabanwa. Unakanyaga, unabana mvuke, pedi hazisogei.

Nusu saa baadaye akapiga tena, safari hii anacheka. "Zimerudi zenyewe!" Ni kweli zinarudi. Kalipa zikipoa, mvuke unageuka tena kimiminika na pedali inapanda juu kana kwamba hapajatokea kitu. Nikamwambia asicheke, aegeshe.

Mhariri, watu hawaoni joto hilo linatoka wapi. Mark II yenye dereva ni kama tani moja na nusu. Ukiisimamisha kutoka kilomita 120 kwa saa, nguvu yote ya ule mwendo inageuka joto, na joto hilo linatosha kuchemsha lita mbili na nusu na ushee za maji ya ziwa. Kwa sekunde nne au tano. Ukitoka kilomita 60 ni robo yake tu, maji ya vikombe viwili vikubwa vya chai. Mjini unachemsha vikombe viwili, unapumzika, unakaa foleni Buzuruga. Kiwanjani unainjika sufuria kila kona na hujaipua ya kwanza.

Na mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, hata yakiwa ndani ya gari, sembuse kopo lililo wazi kwenye gereji iliyo hatua chache kutoka ziwani. Kwenye kopo utaona DOT na namba, ndiyo daraja la mafuta. DOT 3 ikiwa mpya kabisa kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205; ikishakunywa maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hizo tatu zinaelewana. DOT 5 bila hiyo moja ya mwisho ni silikoni, usiichanganye na hizo nyingine kamwe. Jina limewekwa vibaya na limeshawaponza wengi. Sasa piga hesabu: mafuta ya kijana wangu yalikuwa ya miaka, na nilipotoa upepo niliyasukuma yaleyale meusi yakaingia kwenye kalipa mpya, mahali penye moto kuliko pote.

Aliporudi tulifungua. Diski zilikuwa na nyufa ndogo kama nywele, zote zimeanzia kwenye matundu. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ilikuwa ileile ya zamani, na kalipa kubwa zinameza mafuta mengi, kwa hiyo hata zikiwa baridi pedali ilikuwa ndefu. Mbele kulishika kuliko nyuma kupita kiasi. Na matairi? Ubavuni yalisomeka 2314, wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kalipa za zamani zilikuwa na nguvu ya kuyafunga magurudumu hayo mpaka yapige kelele. Kama gurudumu linafungika, kalipa kubwa itakuongezea nini? Kinachosimamisha gari hapo ni tairi. Diski kubwa inasaidia kubeba joto raundi baada ya raundi, hilo nakubali, ila ni baada ya kumaliza mengine.

Nikarudisha kalipa zake za kiwandani, nikazisafisha pistoni, nikaweka sili mpya, diski mpya zisizo na tundu hata moja, mipira mipya ya kupitisha mafuta, na DOT 5.1 kutoka kopo nililolifungua mbele ya macho yake. Kazi yenyewe ya mafuta ilikuwa saa moja, mtu mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini na chupa, mpaka yatoke masafi.

Kisha nikakosea tena. Nikakubali kumfungia pedi za mbio alizoletewa. Pedi hizo zinataka moto kwanza ndipo zishike. Baada ya siku tatu mama yake akaja gereji mwenyewe. Alikuwa ameazima gari asubuhi na mapema, mvua inanyesha, anashuka mlima wa Bugando kutoka kumwona mgonjwa. "Fundi, umemfungia mwanangu mawe?" Alikanyaga kwa miguu miwili, akasimama nyuma ya bajaji zikiwa zimebaki inchi chache. Sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile pedi za mbio zinafungwa siku ya safari na zinatolewa akirudi. Nyingine, za kati, ndizo za mjini, na hizo nazipika mwenyewe, yaani nazipasha moto zizoeane na diski, alfajiri barabara ya Usagara: nakanyaga breki kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20, mara nane au kumi bila kusimama kabisa, halafu naliendesha polepole mpaka zipoe.

Kuna na yale makava mekundu ya plastiki yanayouzwa kufunika kalipa ndogo zionekane kubwa. Yanazuia upepo. Sitayazungumzia zaidi, hasira itanizidi.

Kijana alivuka tena mwezi wa nane. Safari hii alikuwa akikimbiza raundi nne, ya tano anakwenda taratibu bila kugusa breki, na akiegesha havuti handibreki diski zikiwa za moto. Alirudi na matairi mapya yameshaanza kulika na pedali palepale juu.

Ombi langu ni dogo: ukurasa wenu ukiandika tena habari hizi, yale mafuta yatangulie tabo. Kalipa nyekundu bado ziko juu ya rafu yangu, mwenyewe ameniruhusu niziuze. Anayezitaka aje na masta silinda yake.

Fundi breki,
Igogo, Mwanza