Mkituuliza walimu, waulizeni na watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu wa Hisabati shule ya msingi wilayani Kilosa, huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Mwezi uliopita tuliletewa dodoso kuhusu upimaji wa darasani, ule wa kila siku wa maswali, mazoezi na majaribio, unaotuonyesha mtoto amefika wapi kabla hatujasonga mbele. Lilipitia mezani kwa mwalimu mkuu na likakusanywa siku hiyohiyo. Sentensi moja ilisema kwamba mwalimu huwapa wanafunzi mrejesho unaowasaidia kurekebisha makosa yao. Nikaweka vema penye "Nakubali sana". Wenzangu niliokuwa nao ofisini waliweka hapohapo.

Sikudanganya. Nina madaftari 87 ya Darasa la Tano, na yasipokwisha shuleni huondoka nayo kwenye kiroba nikasahihishie nyumbani. Lakini sentensi ile haikunitoka, maana wale 87 hawakuulizwa na mtu. Ijumaa nikawagawia vikaratasi, nikawaambia wasiandike majina. Swali lilikuwa moja tu: ukiona mwalimu amekuwekea kosa, unafanya nini? Nikatoka nje, kiranja akakusanya.

Wengi waliandika kwamba husubiri jibu liandikwe ubaoni, wakalinakili. Mmoja aliandika kwa penseli, herufi ndogondogo: "Sijui nimekosea wapi, naogopa kuuliza."

Nikarudi kwenye madaftari. Katika la tatu nililofungua nikakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Chini yake, 3/4 + 1/5 = 4/9. Mtoto huyu alikuwa akijumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini), wiki mbili mfululizo. Nilimwekea makosa 11 kwa wino mwekundu, na kila mara nikaandika "Fanya masahihisho". Masahihisho gani? Sikumwandikia hata mara moja kwamba atafute kwanza asili inayofanana.

Jumatatu nilimwita mezani, nikamuuliza 2/5 na 1/2 ipi kubwa. Akachora mistatili miwili iliyolingana, akaigawa, akaitia rangi. Akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeongeza halafu imepungua!" Dakika nne hazikuisha. Tangu siku hiyo hajarudia kosa lile.

Ndiyo maana naandika, Mhariri. Mimi nilijibu dodoso nikihesabu nilichotoa. Mtoto angeulizwa, angehesabu kilichomfikia. Anayepima maoni ya walimu peke yao anapata nusu ya habari, na anaweza kuandika ripoti nzuri kuhusu darasa ambalo watoto wake wamekwama.

Wakiulizwa, waulizwe kwa Kiswahili chao. Nilipowauliza wangu maana ya "mrejesho", walioinua mikono walikuwa wawili. Mtoto asiyelielewa neno ataweka alama katikati, na mtafiti ataihesabu kuwa ni maoni. Waulizwe jambo lililotokea wiki hii, lilelile atakaloulizwa mwalimu wao, na madaftari yafunguliwe pembeni. Na sisi walimu karatasi zetu zisipite mezani kwa mkuu, kwa sababu tukiona zinapita huko tunajibu kama tunavyowajibu wathibiti ubora wa shule.

Jambo hili si geni kwetu. Azimio la Musoma la 1974, la chama cha TANU kuhusu elimu, lilipinga kumpima mtoto kwa mtihani wa mwisho pekee, na kuanzia 1976 kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa. Tatizo ni kwamba zimegeuka alama za kujaza. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Akirudishiwa jaribio hutazama namba iliyoandikwa juu, hukunja karatasi, basi. Maelezo ya mwalimu wake hayasomi. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, nchini Israel, alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maelezo bila alama waliendelea vizuri, na walipopewa vyote viwili faida ile ikapotea. Nikimtazama binti yangu, naamini.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na unatutaka tupime umahiri, mtoto anaweza kufanya nini. Nawaomba Wizara, Taasisi ya Elimu Tanzania na vyuo vinavyotuma watafiti mashuleni waje na karatasi mbili, ya mwalimu na ya mtoto. Vikaratasi vyangu 87 nimevihifadhi kwenye bahasha ya kaki, na atakayevihitaji nitampa avisome.

Mwalimu wa Hisabati,
Kilosa, Morogoro