Hadithi za kutisha zianzie kwenye hofu tulizonazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu hadithi za kutisha zinazochapwa kwa mfululizo katika magazeti yetu ya mwisho wa juma, ambazo mimi, kama wasomaji wengi hapa Tanga, huzifuata toleo baada ya toleo. Waandishi wake wanajua kuvuta hadithi na kuikatiza palepale ambapo msomaji atalazimika kununua gazeti la wiki ijayo, na kwa hilo nawapongeza. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila hadithi huanza na jini au mchawi, hupita makaburini usiku wa manane na kuishia kwenye damu nyingi, kiasi kwamba ikifika sehemu ya tatu msomaji haogopi tena, anasubiri tu kuona nani atakufa.

Kwa maoni yangu, wangetutisha zaidi kama wangeacha kubuni viumbe wapya na kuanza na hofu ambazo watu wanaishi nazo kila siku: hofu ya nyoka, buibui na popo, ya kuwa juu sana, ya sehemu finyu, ya giza, ya maji marefu, ya sindano. Wataalamu wa afya ya akili huihesabu hofu ya namna hiyo kuwa ni tatizo inapozidi kiasi cha hatari yenyewe, ikadumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kumfanya mtu akwepe mambo ya lazima katika maisha yake. Aghalabu mwenye hofu hiyo anajua fika kwamba anaogopa kupita kiasi, lakini kujua huko hakumsaidii kitu. Hapo ndipo penye hadithi, kwa kuwa mtu yule amebeba sauti mbili kichwani, moja ikimwambia hapana kitu na nyingine ikimwambia akimbie.

Tuseme yupo mkwezi huko Pangani aliyekwea minazi tangu ujana wake, na asubuhi moja, akiwa amekwisha kufika kileleni, panga kiunoni na kuti moja ameshalishika, anatazama chini na miguu inakufa ganzi. Mnazi ni uleule wa siku zote, upepo ni wa kawaida, na chini mwenye shamba anamhimiza aangushe nazi kwa kuwa gari linasubiri. Mwandishi hahitaji kuleta mzimu hapo. Anachohitaji ni subira ya kuandika jasho linavyoteleza viganjani, alama za panga kwenye shina ambazo unyayo unazitafuta na hauzipati, aibu ya kuomba msaada mbele ya vijana aliowafundisha kazi mwenyewe, na jinsi waliokuwa wakicheka chini wanavyonyamaza mmoja baada ya mwingine. Kesho yake anatakiwa kukwea tena, maana nyumbani hakuna mwingine wa kuleta posho, na sehemu ya pili ya hadithi imeshapatikana.

Sisi wa Tanga tuna pia Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Aliyewahi kuingia anajua kwamba zipo sehemu ambazo mtu mzima hulazimika kuinama na kupita kwa ubavu, na kwamba mwenye kuongoza wageni akizima tochi, kiza cha mle si kile cha nyumbani umeme ukikatika: mkono ulio mbele ya pua yako huuoni, na juu unawasikia popo. Waandishi wakifika hapo hukimbilia mizimu na ile simulizi ya watu walioingia na mbwa wao wasionekane tena. Mimi ningemwandika mwalimu aliyewaleta wanafunzi wake, ambaye haziwezi sehemu finyu na hajapata kumwambia mtu, yuko katikati ya mstari, mtoto wa mbele ameganda na wa nyuma wanasukuma. Pango halimfanyi lolote, ni mawe ya chokaa tu.

Namna hofu inavyoingia na kusambaa nayo inafaa kujifunzwa. Mwaka 1920 huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walichapisha taarifa ya jaribio walilomfanyia mtoto mchanga ambaye hakuwa akimwogopa panya mweupe. Mtoto alipomgusa panya yule, nyuma yake kilipigwa chuma kwa nyundo, na baada ya kurudiwa mara kadhaa akawa analia kwa kumwona panya tu, kisha hofu ile ikahamia kwa sungura na kwa koti la manyoya. (Leo jaribio la aina hiyo lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe.) Wazee wetu walikwisha kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwandishi makini angeanzia kwenye ung'ongo huohuo: bibi anasuka mkeka barazani, mjukuu hataki kupita, na nyoka mwenyewe tusimwone hadi mwisho, au tusimwone kabisa.

Lipo jambo moja ambalo waandishi hulikosea. Hofu nyingi huupeleka moyo mbio na kupandisha presha, lakini kwa wengi wanaoogopa damu au sindano, moyo huanza kwenda mbio kisha presha hushuka ghafla, na mtu huweza kuzimia. Kwa hiyo mhusika anayeona sindano akaruka dirisha la zahanati na kukimbia hadi kituo cha basi hunichekesha. Mtu wa namna hiyo masikio humvuma, jasho jembamba humtoka, macho huingia kiza, na sauti ya muuguzi anayemwita jina inazidi kwenda mbali. Kushindwa kukimbia kunatisha kuliko kukimbia.

Najua nitajibiwa kwamba majini ni yetu, na kwamba mwaka 1995 Popobawa, jini anayesimuliwa kuwa na mabawa ya popo, aliwatia watu hofu ya kweli Pemba na Unguja. Sikatai. Lakini tazama kilichokuwa kikisimuliwa: mtu amelala chumbani, kitu kizito kinamkalia kifuani, hawezi kunyanyuka wala kupiga kelele, hata wengi wakaona afadhali kulala nje kwa makundi na kukoka moto. Aliyewahi kukabwa na jinamizi anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mabawa yalikuwa nyongeza.

Nawaomba tu waandishi wasiwafanye wenye hofu hizi kuwa vichekesho, wala wasimponye mhusika anayeogopa maji kwa kumtupa baharini, kwani tiba inayotolewa na wataalamu humzoesha mtu kidogo kidogo na kwa ridhaa yake. Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba utenge nafasi ya hadithi fupi za maneno 1,000 hivi, zisizo na jini wala mchawi, ambazo wasomaji na wanafunzi wa Tanga, Pangani na Muheza wanaweza kuzileta. Hata moja kwa mwezi inatosha. Mwandishi wa mfululizo unaoendelea sasa asidhani kwamba nimemsema yeye peke yake. Bado nataka kujua yule binti aliyefungiwa chumbani alitokaje.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga