Barua kwa mwanangu: usisaini usichokisoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Iringa. Baridi imeshaanza, dada zako wazima, na bibi yako anakuulizia kila uchao. Tumefurahi kusikia umepata pikipiki ya mkataba na kijiwe pale Mbagala. Kazi ni kazi, na wewe hujawahi kuwa mvivu. Ila bodaboda ni kazi inayomkutanisha mtu na polisi hata kama hana kosa: abiria amebeba mzigo usioujua, mwenzako kijiweni katuhumiwa wizi wa simu, au msako umepita mkazolewa wote. Mimi nimekaa masjala ya mahakama ya wilaya mpaka nikastaafu. Mafaili ya vijana wa rika lako yamepita sana mikononi mwangu, na nilichojifunza humo ndicho kilichonikalisha niandike barua hii. Kesi nyingi haziharibikii barabarani pale mtu anapokamatwa. Zinaharibikia kituoni, mezani, mtu anapopewa karatasi na kalamu.

Karatasi hiyo ni maelezo ya onyo. Ni maelezo yako kama mtuhumiwa, polisi anayaandika na wewe unayatia saini. Yanaitwa ya onyo kwa sababu kabla hujaulizwa lolote, sheria inamtaka polisi akuonye kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Anatakiwa pia akutajie jina lake na cheo chake, akueleze kwa lugha unayoielewa kwamba uko chini ya ulinzi na unatuhumiwa kwa kosa gani. Haya si hisani ya askari mwema. Yameandikwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985.

Namkumbuka dereva mmoja wa boda aliyeshtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko ulionyooka, Kiswahili cha ofisini kitupu, "baada ya kutenda kosa hilo nilielekea uelekeo wa stendi." Kijana mwenyewe alisimama kizimbani hawezi kuunganisha sentensi tatu bila kukwama. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda, na alama ya dole gumba pembeni. Zamu yake ya kujitetea ilipofika akasema aliambiwa ile ni fomu ya dhamana, asaini aende nyumbani. Lakini maelezo yalikuwa yameshapokelewa siku nyingi kama kielelezo, na siku yanapokelewa aliulizwa kama ana pingamizi akajibu hana. Hakujua maana ya lile swali. Alifungwa.

Kwa hiyo baba, ukifikishwa mezani hapo, soma. Soma polepole hata kama mpelelezi anatikisa mguu na kuangalia saa. Kama umechoka au mwanga ni hafifu, omba usomewe kwa sauti neno kwa neno. Ukikuta kosa una haki ya kulisahihisha na kuongeza kilichoachwa, kisha ndipo unathibitisha. Tena sheria inakuruhusu kuomba karatasi ukaandika maelezo yako mwenyewe kwa mkono wako. Wewe umemaliza kidato cha nne, hati yako inasomeka, iombe nafasi hiyo. Na kama hutaki kusema lolote mpaka umeongea na wakili au ndugu, sema hivyo kwa adabu, kisha nyamaza kweli. Kuna watu husema "sina la kusema" halafu wakaongea usiku kucha na mpelelezi aliyewaletea soda.

Karatasi usiyoielewa usiisaini. Hakuna sheria inayomlazimisha mtuhumiwa kutia saini maelezo. Atakayeandika "amekataa kusaini" mwache aandike, maneno hayo hayakufungi.

Muda nao uuangalie. Tangu uwekwe chini ya ulinzi, polisi wana muda wa saa 4 za kukuhoji. Muda wa kukusafirisha hadi kituoni, au wa kusubiri wakili wako, hauhesabiwi humo. Wakitaka zaidi lazima waongeze kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nimeshuhudia maelezo yakitupwa nje kwa sababu yaliandikwa kesho yake na hakuna aliyeomba nyongeza, na Mahakama ya Rufani imeshafuta ushahidi wa aina hiyo mara nyingi. Sasa wewe simu watakuwa wameichukua, saa huna. Shika kichwani ulikamatwa lini: jua lilikuwa wapi, adhana gani ilikuwa imelia, mechi gani ilikuwa inaonyeshwa kibandani. Wakili atakuuliza hilo kabla ya kitu kingine.

Na siku maelezo hayo yakiletwa mahakamani, mwendesha mashtaka akaomba yapokelewe, hakimu atakugeukia akuulize kama una pingamizi. Hapo ndipo pa kusema kwamba hukuyatoa kwa hiari, au hukuyatoa kabisa. Ukisema, mahakama inaisimamisha kesi kwanza ichunguze yalichukuliwaje. Ukinyamaza ukasubiri siku ya kujitetea, unakuwa umechelewa kama yule kijana. Vilevile ukipelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi huwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kuandikisha ungamo, askari anatakiwa abaki nje. Mlinzi huyo wa amani atakuuliza kama umepigwa, umetishwa au umeahidiwa kitu, na atataka kuona mwili wako kama una majeraha. Usimfiche kitu. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, na mtuhumiwa wa kosa lolote ni mtu. Ukiwa umeumia dai PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, upate matibabu, ili jeraha liandikwe na daktari likiwa bado bichi.

Barabarani kwenyewe sina mengi. Simama unaposimamishwa, usikimbie, usitukane, usimkunje askari shati, maana kukataa kukamatwa ni kosa jingine juu ya lile usilolifanya. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, ni haki yako kuambiwa. Faini ya barabarani ina namba ya malipo ya serikali, hailipwi mkononi. Wakija kupekua chumba chako wakachukua kitu, omba shahidi wa pembeni awepo na upewe risiti ya vilivyochukuliwa. Mkeo akipekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke.

Lipo moja linaloninyima usingizi. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao wa Chadema alishushwa kwenye basi huko huko Dar es Salaam na watu wenye silaha, na siku ya pili mwili wake ukapatikana Ununio. Wakija watu wa kiraia kukuchukua, waombe vitambulisho na jina la kituo wanakokupeleka, na usiulize kwa kunong'ona. Taja jina lako lote kwa sauti, taja na namba yangu, wenzako kijiweni wasikie, wapige picha gari. Waambie hata leo kwamba mmoja wenu akichukuliwa, wawili wafuate mpaka kwenye kituo kilichotajwa. Akikosekana, familia isikae kulia nyumbani. Twende kituo kwa kituo, na tukishindwa twende Mahakama Kuu iamuru mtu wetu aletwe mbele yake. Amri hiyo ipo kisheria na watu wameshaiomba.

Kuhusu dhamana: ya polisi hailipiwi hata shilingi. Kama kosa si la adhabu ya kifo na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa akuachie kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane zito. Yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, na hapo usipoteze hela kwa mtu anayekuambia ana njia. Kwa makosa mengine kikwazo cha vijana wengi wanaohamia mjini huwa wadhamini. Kituoni wanataka mtu mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, na kijana amekaa Dar mwaka mzima hajawahi kumpa mkono mwenyekiti wake wa mtaa! Nimeona wengine wakilala mahabusu kwa kosa dogo kabisa kwa kukosa mtu mmoja tu wa kusema "namfahamu."

Basi wiki hii nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, ujue jina la mwenyekiti na la mtendaji, ulizia na mjumbe wa nyumba zenu. Mwombe fundi yule wa pikipiki awe mdhamini wako wa kwanza, na shangazi yako wa Temeke wa pili, nimeshaongea naye kakubali. Ukikosa hela ya wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wako hapo hapo Dar.

Namba yangu usiitegemee simu, ikariri. Nakala ya NIDA uliyoisahau kabatini nimempa mjomba wako, anashuka Jumamosi na basi la asubuhi. Mpokee stendi, na umpe barua yenye jina la mwenyekiti wako niiweke hapa nyumbani.

Nakupenda sana, baba yangu.

Mama yako