Risala ya Klabu ya Sayansi: Nyuzi Katika Maji ya Kufulia

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na wanafunzi wenzetu: asalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nasimama kwa niaba ya wenzangu wa Klabu ya Sayansi. Karibu sana shuleni kwetu, mgeni wetu. Tulipoarifiwa kwamba anayekuja ni mama ambaye kazi yake ni kuchunguza viumbe wa bahari hii yetu, tuliiweka kando risala tuliyokuwa tumeshaiandika. Ile ilikuwa na safari, vikombe na vyeti. Hii ina jambo moja, nalo ni maji ya kufulia.

Lilianzia uani kwa mwenzetu mmoja. Mamake alifua blanketi jipya jekundu, akamwaga maji kwenye mfereji wa saruji unaopita nyuma ya nyumba. Jua lilipokausha pale, kukabaki utando mwekundu, mwepesi kama ukungu wa mkate. Mwenzetu akaukwangua kwa ukucha, akaukunja ndani ya karatasi ya daftari, na asubuhi akamletea mwalimu wa sayansi akimwuliza: hiki ni nini?

Mwalimu hakujibu. Alikishika kwa koleo akakipitisha kwenye moto. Kilijikunja, kikayeyuka, kikawa kishanga kidogo cheusi, kigumu. Kisha akachomoa uzi kwenye leso ya pamba, akauchoma vilevile. Huo uliwaka upesi, ukaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Akatuambia, sasa semeni nyinyi.

Mheshimiwa mgeni, wengi wetu siku ile ndiyo tulijua kwamba tumevaa plastiki. Poliesta, iliyotengenezwa mara ya kwanza na wanakemia wawili Waingereza, Whinfield na Dickson, mwaka 1941, ni plastiki ileile inayotengenezewa chupa za soda. Chupa tunaziona ufuoni, tunaziokota, tunapigwa picha na magunia yetu. Shati halihesabiwi na mtu kuwa plastiki. Lakini kila likifuliwa linamwaga nyuzi, nyingi zikiwa fupi kuliko punje ya mchele na nyembamba kuliko unywele, na hizo haziokoteki kwa mikono.

Tukaanza kusoma. Mwaka 2011 mtafiti Mark Browne na wenzake walichapisha utafiti uliochukua mchanga wa fuo 18 katika mabara sita. Nyuzi walizozikuta zilifanana na zile za nguo, na walipopima maji ya mashine ya kufulia waliona kwamba vazi moja laweza kutoa zaidi ya nyuzi 1,900 kwa kufuliwa mara moja. Mwaka 2016, Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walikadiria kuwa kilo sita za nguo za akriliki, yaani zile sweta za sufu bandia, zaweza kutoa zaidi ya nyuzi 700,000. Na hapa kwetu pia pameangaliwa: mwaka 2018 watafiti wa Kenya walitangaza kwamba wamezikuta chembe za plastiki ndani ya wanyama wadogo mno wanaoelea katika maji ya pwani yetu, wale ambao samaki wachanga huwala. Haya wewe wayajua kutushinda. Tunayataja ili ujue ni kitu gani kilitukosesha usingizi.

Baada ya kusoma tulitaka kuona kwa macho yetu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, basi sisi tuliyazoa kabla ya kumwagwa. Tulichukua nguo nne: leso ya pamba, jezi ya mpira, buibui, na sweta la mitumba kutoka soko la Kongowea hapa Mombasa. Kila moja tuliifua peke yake kwa mkono, katika beseni lake, kwa lita tano za maji, kisha tukayapitisha maji yale kwenye karatasi ya kuchujia. Inasemeka kwa sentensi moja, ila ilituchukua Jumamosi tatu. Sabuni ya unga iliziba karatasi, ikabidi tutumie ya maji. Faneli tulikuwa na mbili. Lita tano zikipita tone kwa tone kwenye faneli moja, mtu hukaa hapo tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi, na hawezi kuondoka kwa sababu karatasi ikijaa itamwagikia pembeni.

Kosa letu kubwa lilikuwa hili, na tunalisema wazi kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi. Mwalimu alituagiza tuchuje pia maji matupu ambayo hayakufuliwa kitu. Tuliona ni kupoteza wakati. Tulipoiweka karatasi ile chini ya hadubini, tulikuta nyuzi za buluu. Maji matupu, na nyuzi zimo! Tulitazamana, kisha mmoja akashika mtandio wake wa shule. Ulikuwa wa buluu, nao ni poliesta. Nyuzi zilikuwa zikituanguka sisi wenyewe tulipokuwa tumeinama juu ya kazi. Matokeo yote ya Jumamosi ya kwanza tukayatupa. Wiki iliyofuata kila msichana alikuja na leso ya bibi yake, tukajifunga leso za pamba nyeupe kichwani na kiunoni, tukafunga feni na madirisha, na sahani zote za kioo tukazifunika. Joto la chumba kile sitalisahau.

Basi tukaona. Uzi wa pamba ni bapa na umejipindapinda, mfano wa ukindu mkavu. Uzi wa poliesta ni wa mviringo, umenyooka, unang'aa, unene wake ni uleule mwanzo hadi mwisho, kama mshipi wa kuvulia. Ukishauona mara moja hutaukosea tena. Leso nayo ilitoa nyuzi, tena nyingi, lakini pamba huoza. Jezi na buibui vilitoa chache kuliko tulivyodhania. Sweta ndilo lililotushinda: karatasi yake ilikuwa kama imeota manyoya, na hesabu tuliiacha njiani.

Tulipeleka picha hizi kwa mama mmoja wa mtaani anayefulia watu nguo kwa siku. Alizitazama kwa makini, akatuambia kwamba nguo mpya ndiyo humwaga zaidi, hata maji hubadilika, na kwamba ukiisugua sana unaiua. Hakusoma utafiti wowote, ila ndivyo watafiti wanavyosema: mara za mwanzo za kufuliwa ndizo zinazotoa nyuzi nyingi. Tena mwaka 2023 watafiti wa China walichapisha matokeo kwamba kitambaa cha poliesta kikifuliwa kwa mkono kilitoa wastani wa vipande 1,853, na kwa mashine vipande 23,723. Kuloweka, sabuni na ubao wa kusugulia viliongeza idadi, lakini haikuifikia ile ya mashine. Tulimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mimi nilidhani mmekuja kunilaumu."

Neno lile tulikwenda nalo nyumbani. Nguo hazikutengenezwa na yeye, wala si yeye aliyejenga mtaa usio na mfereji wa majitaka. Penye mitambo mizuri ya kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya nyuzi hunaswa kwenye tope kabla ya maji kuachiliwa. Nyumba nyingi za Mombasa hazijaunganishwa na mfumo huo. Maji yetu huishia shimoni au kwenye mtaro, na mvua za masika zikija, kilicho mtaroni hushuka hori la Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Poliesta ni nzito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo baada ya muda huzama, na pale chini pana tope la mikoko linalonasa kila kitu. Kwenye mikoko hiyo ndiko waliko kaa, kamba na chaza. Watoto wa Mikindani na Tudor hucheza pembeni mwa mikoko hiyo maji yakitoka.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 iliyotaka mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio kuanzia mwaka 2025. Sisi tunalipenda wazo hilo, ila kichujio cha mashine hakitamfaa anayefulia kwenye karai. Ndiyo maana tumejaribu letu: kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara nne, kimefungwa kwa mpira kwenye mdomo wa ndoo, maji ya kufulia yanapitia hapo kabla ya kumwagwa. Yale manyoya unayoyaona kwa jicho hunaswa. Yakikauka unayabandua na kuyatia kwenye taka. Nyuzi fupi hupita, tumezihesabu upande wa pili. Kazi yetu ya muhula ujao ni kutafuta kitambaa cha kuzizuia ambacho hakitamchelewesha mama mwenye mabeseni sita ya kufua kabla ya jua kupanda.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tunayo maombi matatu. La kwanza ni pampu ya kufyonza kwa ajili ya kuchujia, hata iliyokwisha kutumika, ili kazi ya siku nzima iwe ya dakika chache. La pili, tunaomba sampuli zetu chache zipimwe katika maabara yenye chombo cha kutambua aina ya plastiki kwa mwanga, kwani hadubini yetu haiwezi kutenganisha akriliki na poliesta. La tatu, tunaomba utuongoze siku moja, maji yakiwa yametoka, tukachukue tope la mikoko ya Tudor kwa njia inayokubalika, tusiharibu miche wala kuchanganya sampuli kwa ujinga wetu. Leso za bibi zetu tutakuja nazo.

Karatasi nne za nguo, ile ya maji matupu yenye nyuzi za mtandio, na utando mwekundu wa siku ya kwanza, vyote viko kwenye meza iliyo kushotoni kwako, na hadubini imeshawashwa. Tunakuomba, kabla ya chakula, uje uinamie utazame.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Sayansi.