Kabla hujamwambia sponsa wako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hapa Wete sote wazima, mdogo wako homa imemwacha.

Uliniuliza kwenye simu: ukifika hatua ya tano, katika zile kumi na mbili za kuacha mnazofuata huko soba hausi, ukamweleza sponsa wako, yule aliyetangulia kuacha anayekuongoza, maovu yako yote, atayaweka siri? Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa ami yako, aliyekula chumvi nyingi mahakamani.

Akanisimulia kesi ya Marekani. Mwisho wa mwaka 1988, mji wa Larchmont, jirani na New York, kijana mmoja mlevi aliingia usiku katika nyumba aliyokulia, akawaua mume na mke waliokuwa wakiishi humo. Baadaye akaacha pombe, akajiunga na Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, akawadokezea wenzake. Mmoja wao hatimaye akasema, na wengine wakaitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1994 akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Jaji mmoja akaitengua hukumu mwaka 2001, kwamba maneno yale yalindwe kama ya mtu na padri wake. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikairudisha.

Basi usijidanganye. Wakili ana sheria inayomfunga mdomo. Sponsa ana ahadi tu. Tena Zanzibar yetu hii ndogo, unayemwambia leo kesho mnakaa mkeka mmoja kwenye harusi ya binamu yako.

Sikwambii unyamaze. Uliyouza ndani ya nyumba kwa ajili ya kete, uongo, usiku wa arosto, mwili ukidai kete, ulipomtukana baba yako, hayo mwambie yakutoke. Lakini muulize kwanza, kabla hujafungua kinywa: lipi nikikwambia hutoweza kuliweka? Asiyejua kujibu, tafuta mwengine. Hatua yenyewe inataka mtu mwengine tu, haikusema lazima awe sponsa. Kama lako ni la kukupeleka jela, anza kwa wakili. Na kama kuna mtoto anayeumizwa hata sasa, usimtarajie mwenye imani akae kimya. Mimi mwenyewe ningesema, nawe ni mwanangu.

Ustadhi wa hapa kanung'unika: Mtume (s.a.w.) kawakemea wanaotangaza madhambi yao, vipi tena mtu akayahadithie kwenye soba hausi? Nikamwambia kutangaza na kutafuta dawa kwa mtu mmoja si mamoja. Akanyamaza, ila hakufurahi. Kwenye jengine lakini tulikubaliana: haki ya Mungu unaomba kwa Mungu, haki ya mtu haikutoki mpaka imrudie mwenyewe.

Ndiyo maana naliandika hili. Bangili za shangazi yako sikuulizi nani kazichukua. Nakukumbusha tu kwamba yule mtoto wa Konde aliyekuwa akifanya kazi kwa shangazi yako alifukuzwa kwa jina la mwizi, na mpaka leo hakuna anayemuajiri. Ukilitoa hilo kwa sponsa nawe ukalala usingizi, yeye kapata nini? Najua hatua ya tisa, ile ya kuwarekebishia uliowakosea, inasema usirekebishe pale utakapomuumiza mtu. Hapa atakayeumia ni wewe, na shangazi yako kidogo kwa aibu.

Ami yako anavuka Unguja Jumamosi, atapita kukuona. Kisheria yeye ndiye wa kumuuliza. Ukiwa tayari, mwambie; mtarudi pamoja, nami nitakungojeeni bandarini Mkoani, twende Konde moja kwa moja kabla ya nyumbani.

Mama yako