Koti la Mzee

Njombe, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Lusajo,

Ndaga, dada yangu, na kamwene kama wasemavyo wenyeji wangu wa huku. Hujambo? Baba Lusajo hajambo? Watoto? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa baridi ya Julai hii haina mswalie Mtume. Asubuhi tunakuta umande umeganda kwenye majani, na maji ya bomba mtu anayakwepa kama mdai wake. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa kina Sekela, na najua umenisemea kwa Atupele. Una haki. Ila leo nina shida isiyosubiri, hayo mengine tutayamaliza tukionana.

Kwenye bahasha utakuta kipande kidogo cha kitambaa nimekibana kwa pini. Hicho ndicho kilichofanya niandike na kumpa kondakta barua, badala ya kukutumia picha. Simu haiaminiki kwa rangi. Nilikipiga picha dirishani kikatoka bluu, nikakipiga uani kikatoka kahawia, na chenyewe ni kijivu chenye nyuzi nyeusi zilizopita kwa mbali. Ukienda nacho sokoni Mwanjelwa, toka nje ya kibanda ukilinganishe juani. Chini ya taa usikubali kitu.

Ni kitambaa cha koti la Mzee, baba mkwe wangu.

Unakumbuka mwezi wa nane yeye na Bibi wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Mchungaji atawabariki mbele ya usharika, ndugu wanatoka Songea na Mafinga, ng'ombe ameshatengwa. Bibi yuko tayari tangu Pasaka. Mzee ndiye aliyesema hatakwenda mbele. Atakaa benchi la nyuma na sweta lake, wambariki Bibi, yeye itamfikia huko huko aliko. Tulidhani anatania. Baba Faraja akaenda kuongea naye, akarudi mikono mitupu. Shemeji wa Mafinga akapiga simu, naye hola.

Aliyenifungua macho ni Bibi, siku tulipokuwa tunachambua maharage. Kumbe mwaka jana Mzee alipeleka koti lake kwa fundi mmoja mjini akalirekebishe. Fundi akamvalisha, akavuta huku, akavuta kule, halafu akasema mbele ya wateja kwamba koti halina tatizo, tatizo ni mwili, umepinda. Watu wakacheka. Mzee akalipa, akalibeba koti lake, akalitundika nyuma ya mlango, na tangu hapo halijamgusa.

Nilishindwa kuendelea na yale maharage. Mwili wa mtu una kosa gani, Mama Lusajo? Mzee amebeba magome ya miwati na mbao tangu ujana wake. Bega la kulia limeshuka, mgongo umejikunja kwa juu. Huo ndio mwili uliomsomesha Baba Faraja na wadogo zake wote. Anayeshona kazi yake ni kuufuata mwili ulivyo. Kama hawezi, aseme hawezi, arudishe koti na heshima ya mtu ibaki palepale.

Basi nikaliomba. Bibi akaniletea limekunjwa ndani ya kanga.

Koti lenyewe ni zuri, wala sitaki kusikia habari ya kununua jipya. Lilitoka kwenye belo la mitumba miaka hiyo na bado limesimama. Nilichomoa nyuzi kwenye upindo nikaziwasha: zikanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni. Sufu tupu. Ingekuwa ile ya plastiki ingeyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Sufu ukiishika vizuri inakutii: unaiwekea kitambaa kibichi juu, unapiga pasi ya moto kwa kuigandamiza bila kuisugua, mvuke unaingia, na pale palipotuna panalala. Pasi yangu ya mkaa inaweza kazi hiyo kuliko ya umeme, kwa ule uzito wake.

Shida ilikuwa kumpima. Wewe unajua tulivyolelewa kwetu Tukuyu, mkamwana hamsogelei baba mkwe, seuze kumzungushia futi kifuani. Huku Njombe hawana ukali huo, lakini mimi siwezi, mkono wenyewe unakataa. Kwa hiyo nilimfundisha Faraja. Yeye akashika futi, mimi nikakaa jikoni na daftari, anataja namba kwa sauti na mimi naandika. Mwanzoni Mzee alisimama wima kijeshi, kifua mbele, kama wanavyofanya wanaume wote wakipimwa. Nikamwambia Faraja amwulize babu yake habari za shamba la parachichi. Alipoanza kueleza, mwili ukarudi mahali pake, ndipo tukapima.

Kutoka mfupa wa shingo hadi mkanda, mgongoni, ana sentimita 51. Koti lina 46. Sentimita 5 hizo ndizo zilizomtesa mzee wa watu! Mgongo uliojikunja unahitaji urefu zaidi nyuma, na koti usipoliongezea urefu huo linautafuta lenyewe: upindo wa nyuma unapanda, wa mbele unaning'inia, kola inaachana na shingo na upepo wa Njombe unaingia hapo. Halafu lile bega. Limeshuka sentimita 2, ndiyo maana kuna mikunjo inayotoka shingoni kwenda kwapa la kulia, na mkono wa koti wa kulia unafika hadi vidoleni. Yote yanasomeka kwenye koti. Fundi yule angetazama mikunjo tu badala ya kumtazama Mzee, angeambiwa kila kitu.

Kwa bega, wengi wangeweka sponji nene upande wa kulia ili mabega yalingane. Nilifikiria hivyo, nikamtuma Faraja akaulize. Jibu likaja: "Mwambie mama yako asininyooshe." Basi. Sponji natoa zote mbili, naweka nyembamba. Mshono wa bega la kulia nitaushusha sentimita 2 upande wa mkononi, na kufika shingoni usiguswe, kisha tundu la mkono nalo nilishushe sentimita hizo hizo, la sivyo litambana kwapani. Mkono wenyewe nitaufupisha mwisho kabisa, akiwa amelivaa.

Mgongo ndio mzito, na ndiyo sababu ya barua. Upindo wa koti una akiba ndogo, haifiki sentimita 5, na hata ingefika, urefu unatakiwa juu, pale mgongo ulipojikunja, siyo chini. Nimeamua kulikata mgongoni na kumwekea kipande cha juu kipya, kama kile cha shati, kilichopinda kidogo ukingo wa chini ili sentimita 5 ziwe katikati na kuisha kuelekea mikononi. Nimeshajaribu kwa shuka kuukuu. Nilipiga bandi, mishono ya muda tu, mgongo mzima wa shuka, Faraja akamvalisha babu yake, mimi nikachungulia kutoka mlango wa jikoni. Mama Lusajo, kola ililala shingoni! Upindo ukawa sawa nyuma na mbele. Mzee akainua mikono, akaishusha, akauliza, "Hili shuka ndilo nitakalovaa kanisani?" Ni mara ya kwanza yeye mwenyewe kutaja kanisa.

Sasa naomba mguu wako. Nahitaji kipande cha sufu kisichopungua sentimita 55 kwa 30, bila mshono katikati wala tundu la kifungo. Usitafute koti, makoti mengi yana mshono katikati ya mgongo na bei yake ni kubwa. Tafuta sketi ya sufu, ile mipana ya mitumba wanayoiacha chini ya meza kwa sababu haina wanunuzi. Nenda kwa yule mama aliyehamia baada ya moto wa soko la Sido, na uende siku anayofungua belo, asubuhi, kabla ya wale dada wa Kabwe. Iinue juani uitazame kwa ndani, nondo huacha vitundu ambavyo mkono hauvioni. Na ikiwezekana chomoa uzi mmoja uuwashe, hata akikuona wa ajabu.

Kuhusu rangi nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tutakapobishana. Ikifanana kabisa na kipande nilichokutumia, chukua. Ikikaribia tu, acha. Kijivu kinachokaribia kijivu kitaonekana kiraka, na Mzee hatavaa kiraka mbele ya watu waliomcheka. Afadhali tuachane na kijivu, uniletee kitu kinachojisema chenyewe: kodrai, kile kitambaa cha mistari yenye manyoya, nyeusi au kahawia iliyokolea. Nikiweka kodrai hiyo mgongoni, na kola nikaifunika kwa hiyo hiyo, kila mtu ataona mshono uliokusudiwa. Ukichukua kodrai iwe kubwa zaidi, kwa sababu vipande vyote lazima nivikate manyoya yakielekea upande mmoja. Kimoja kikigeuka, rangi inakuwa mbili.

Hapo hapo naomba bitana nyeusi mita moja na nusu. Ile inayochanika mshononi ukiivuta kwa vidole usiilete. Bitana nayo lazima niiongeze sentimita 5 mgongoni. Ikibaki ilivyokuwa itavuta koti kwa ndani, na kola itaruka tena. Nadhani hilo ndilo linalosahauliwa na wengi. Unakumbuka suti ya Baba Tuli? Nje safi, ndani inamkaba.

Mengine madogo: sindano za cherehani namba 16, pakiti moja, hizi 14 zangu zinakatika kwenye tabaka nne za sufu. Uzi mweusi mzuri, siyo ule wenye manyoya unaojaza taka chini ya meno ya cherehani. Vifungo nitabaki navyo vyake, Mzee anavipenda.

Bibi gauni lake limekwisha. Kitenge kilitoka Tunduma, nikakiloweka usiku kucha kabla ya kukata, kikarudi kidogo, sasa hakirudi tena. Pembeni nimeacha akiba ya kutosha, akinenepa tunaachia. Anakivaa akiwa peke yake chumbani, anadhani hatujui.

Lakini nirudi kwenye koti. Jirani yangu mmoja ananiambia nampotezea Mzee muda, si avae suti ya mwanawe, siku moja tu. Suti ya Baba Faraja! Tumeijaribu, mabega yanakaa hewani na mgongo unavuta mpaka mpasuo unafunguka. Siku moja tu ndiyo siku yenyewe. Picha ya siku hiyo itatundikwa sebuleni, wajukuu wataiona miaka yote. Nataka asimame pale na mwili wake huo huo, na koti limkae. Sina kingine ninachokitaka mwaka huu, nakwambia kweli.

Pesa nimetuma kwenye simu yako, Sh 40,000. Ikipungua nipigie, usiongeze mfukoni mwako kimyakimya kama ulivyofanya ile ya zipu. Mzigo mpe kondakta yule yule aliyekuletea barua, Faraja ataupokea stendi. Ukifika kabla ya mwisho wa mwezi nitakuwa na nafasi ya kushona taratibu, kwa sababu sufu sitaki kuiharakisha.

Na wewe je? Ovaloki yako imepona au bado inaruka mishono? Ulijaribu kubadilisha sindano kabla ya kumwita mtu? Mama Tuli anatembea sasa? Lusajo amepangiwa shule gani? Ule mpango wa kushonea watu kwa pesa umeamuaje, unaanza au unaendelea kushona kwa raha yako? Mimi nina maoni, ila nataka kusikia yako kwanza. Na lile gauni la kijani la Atupele, ulilipunguza kiunoni au ulifungua mabega? Kubwa kuliko yote, mtakuja Agosti? Nikuwekee kitanda, au mtalala kwa shemeji?

Nisalimie wote, Baba Lusajo mwambie parachichi zake zipo.

Ni mimi nduguyo,
Mama Faraja

N.B. Ukiona sufu ya kijivu na kodrai zote mbili ni nzuri, chukua kodrai. Nimelala nikaamka nayo, na nikamwonyesha Mzee kipande cha suruali ya zamani ya kodrai kupitia Faraja. Alikishika muda mrefu, akauliza kama kinapatikana cha kahawia.