Kaka Issa, hizo milioni 250 hazipo

Kaka Issa, shikamoo.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Mjomba Hamisi, na wazee wote wa barazani. Sisi huku wazima, watoto wazima, baridi imeshaingia. Mengine ya hapa tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Dakika kumi na moja, na ndani yake shilingi milioni 250 zimeshagawanywa: nyumba ya Mama Mikindani, mtaji wa Somoe, ada ya Rashidi, na "kile cha mjomba" ambacho hakikutajwa kiasi. Kosa ni langu, nilituma picha ya ile karatasi ya kampuni inayotaka kukodi gesi iliyo chini ya shamba letu huku Pennsylvania, nikaituma kwa kujivuna. Mkazidisha dola 2,500 kwa ekari 40, mkapata dola 100,000, na hesabu yenyewe mmepiga sawasawa. Lakini mmegawana nyama mbuzi hata hajafungwa kamba. Na lile neno la Somoe, kwamba "anatuficha", limenikaa kooni mpaka leo. Sasa nakuandikia kila kitu, hatua kwa hatua, usome mbele yao wote.

Kwanza ile karatasi ni ofa. Aliyeileta ni dalali wa kukusanya saini. Yeye hachorongi kisima, na mara nyingi mkataba akishaupata anauuza kwa kampuni nyingine ambayo hujawahi kuiona. Dola 2,500 kwa ekari ni bonasi ya kusaini, inalipwa mara moja. Ukisaini unakuwa umewakodisha haki ya kuitafuta gesi kwa miaka 5, na kwenye maandishi madogo wamejiongezea mingine 5 kwa hiari yao.

Swali la kwanza, gesi ni ya nani? Huku Pennsylvania ardhi ina ghorofa. Juu unalima, chini kuna makaa ya mawe, chini zaidi kuna gesi, na kila ghorofa inaweza kuwa na mwenyewe. Hapa kaunti yetu ya Greene makaa yaliuzwa na wenyeji kabla Baba hajazaliwa. Ukitaka kujua lako unakwenda ofisi ya hati za kaunti, Waynesburg. Unaanza na hati yako, unachukua jina la aliyekuuzia, unalitafuta kwenye daftari la wanunuzi uone naye alinunua kwa nani, na kurudi hivyo hivyo mpaka karne iliyopita na zaidi. Kila hati unasoma mpaka mwisho, maana nyoka hukaa mkiani: neno "isipokuwa" na neno "anabakiza". Hati ya 1952 ya shamba letu inasema muuzaji anabakiza nusu ya mafuta na gesi. Angeandika "madini" peke yake, gesi isingehesabiwa humo. Mahakama za hapa zimeshikilia hivyo tangu 1882, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakazia tena 2013. Yeye aliandika "gesi" wazi, na wajukuu zake wako sijui Ohio, sijui Florida, na nusu ni yao.

Kwa hiyo ekari 40 za kulima ni ekari 20 za gesi. Bonasi ni dola 50,000. Ninyi mmegawana na ya watu wa Ohio.

Toa kodi ya serikali kuu, kwa ngazi yetu ya kipato asilimia 22, ni 11,000. Toa kodi ya jimbo asilimia 3.07, ni 1,535. Toa mwanasheria, anayelipwa kwa saa, na vipimo vya maji nitakavyovieleza. Inabaki kama 35,000, na hati ya shamba ina majina mawili, langu na la wifi yako. Nayo benki inayotudai nyumba lazima isaini kwamba imeukubali mkataba, na hiyo peke yake inakula miezi.

Halafu namna ya kulipwa. Dalali anakupa kitu kinachofanana na hundi, unakiona unatabasamu. Soma chini: italipwa baada ya siku 90 za kazi, kampuni ikisharidhika na hati. Wakati huo mkataba wako wameshausajili kaunti. Bei ikishuka katikati wanaweza kuiacha hundi ife, na wewe unabaki na shamba lenye doa ambalo hakuna mwingine atakayelikodi mpaka lifutwe. Mwanzoni mwa Julai 2008 gesi ilipita dola 13 kwa kipimo chao cha joto. Kufikia Desemba ilikuwa chini ya nusu ya hapo, na ofa nyingi za milimani huku zikayeyuka. Dawa yake ni hii: mkataba uliosainiwa unakaa kwa mwanasheria wako, na hautoki mkononi mwake mpaka fedha iingie benki.

Sasa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo ya gesi, ambao ndio Mjomba anausifia bila kuujua. Sheria ya jimbo ya 1979 inasema mwenye gesi asipewe chini ya sehemu moja ya nane, yaani asilimia 12.5. Dalali anaitaja kama zawadi, kumbe ndicho kiwango cha chini kabisa. Na la kuuliza ni asilimia 12.5 ya nini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni inaweza kukata kwanza gharama za baada ya gesi kutoka kisimani, kisha ndiyo ikutolee hiyo sehemu yako moja ya nane. Kusafirisha kwenye mabomba madogo, kukausha, kusukuma kwa kompresa, kusafisha, bomba kubwa, vyote hivyo.

Kaka, wewe unalijua hili kuliko mimi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akikaa na karatasi ya malipo ya korosho, bei ya mnada inapendeza, halafu inaanza kushuka mstari kwa mstari: ushuru, chama cha msingi, magunia, usafirishaji, ghala? Ndiyo hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huku makato wanajikatia wenyewe, kwa kompresa ambayo pengine ni ya kampuni dada yao.

Piga hesabu nami. Visima vya sasa vinashuka wima, halafu vinalala mlalo maili mbili na zaidi, kwa hiyo mashamba ya majirani yanaunganishwa kuwa kundi moja, tuseme ekari 640. Gesi ikitoka popote katika kundi hilo, kila mmoja analipwa kwa ukubwa wa alichochangia. Zangu ni 20 katika 640. Kundi likitoa futi za ujazo milioni 200 kwa mwezi, na kila futi 1,000 ziuzwe dola 2, mauzo ni dola 400,000. Mara 20, gawa kwa 640, mara 0.125: dola 1,562 na senti 50. Wakikata senti 90 katika kila dola 2, unabaki na 859. Hiyo ni kisima kikiwa kichanga. Visima vya miamba hii vinaanza kwa kishindo na kulegea upesi, mwaka mmoja ukipita unaweza kuwa unapata chini ya nusu. Na bei unayoisikia kwenye habari ni ya Louisiana. Ya milimani huku kwa kawaida iko chini yake, kwa sababu gesi ni nyingi kuliko mabomba ya kuitolea.

Hapo ndipo mdogo wako alipofanya kazi, acha nijisifu kidogo maana huko hamkunisifu. Dalali amekuja mara tatu. Mara ya kwanza alisema mkataba wao ni wa kuchapwa, haubadiliki, kila mtu anasaini huo huo. Si kweli. Kila kitu kinabadilika kwa kiambatisho, mradi kiandikwe kwamba kikigongana na mkataba, kiambatisho ndicho kinachoshinda. Usipoandika sentensi hiyo umepoteza wino. Mpaka leo amekubali asilimia 18 ya mauzo ghafi, bila makato ya aina yoyote. Kwa mfano ule ule wa mwezi hiyo ni dola 2,250 badala ya 859. Amekubali pia nikague vitabu vyao. Hajakubali yote, na ndiyo maana sijasaini.

Yaliyobaki ndiyo mazito. La kwanza, mkataba wao unasema muda ukiisha, mkataba unaendelea maadamu gesi inatoka. Kisima kikigusa ekari zangu 3 tu, ekari zote zinashikiliwa miaka 30 au 40 kwa mrabaha wa ekari 3. Nataka kifungu kwamba kilichobaki nje ya kundi kinarudi kwangu miaka 5 ikiisha. Na kina vilevile. Mwamba wa gesi wanaoutaka unaitwa Marcellus, uko zaidi ya futi 7,000 chini. Chini yake tena, kwa maelfu ya futi, uko mwamba mwingine wa gesi, Utica. Wanachukua bei ya chumba kimoja na kufunga nyumba nzima. Nataka kina wasichochoronga wakiachie.

La pili ni kisima kilichofungwa. Wana kifungu kwamba bei ikiwa mbaya wanafunga koki, wanakulipa fedha ya chai kwa mwaka, na mkataba unahesabiwa hai. Nimeweka kikomo cha miaka 2 mfululizo. Neno "kuhifadhi gesi" nimelifuta kabisa, maana linawaruhusu kuleta gesi ya kwingine na kuiweka chini ya shamba lako. Bomba la kupita nalo nimelitoa, hilo ni mkataba wake, lina malipo yake kwa kila futi.

La tatu ni juu ya ardhi. Kwa kuwa visima vinalala, hawana lazima ya kukanyaga kwangu. Uwanja mmoja wa visima unakula kama ekari 5, na malori ya maji usiku na mchana, kwani kupasua mwamba wa kisima kimoja kunataka galoni za maji kwa mamilioni. Mimi nimeandika: hakuna uwanja, hakuna barabara, hakuna bwawa, piteni chini kwa chini. Jirani wa ng'ambo ya barabara alisaini juu ya boneti ya gari siku ya kwanza. Sasa barabara ya kampuni inapita kati ya banda lake na malisho yake.

Na maji. Tunakunywa ya kisima cha nyumbani. Sheria ya 2012 inasema kisima cha maji kikichafuka ndani ya futi 2,500 za kisima cha gesi cha aina hii, ndani ya miezi 12 baada ya kazi kumalizika, kampuni ndiyo inayodhaniwa imechafua mpaka ithibitishe vinginevyo. Njia yake mojawapo ya kuthibitisha ni kipimo cha kabla, kwamba maji yalikuwa mabovu tangu zamani. Kwa hiyo unapima mwenyewe mapema, kwa maabara yenye kibali cha jimbo, na sampuli anachukua mtu wa maabara hiyo, si wewe kwa chupa ya soda: methani, kloridi, bari (barium), chuma, chumvi zote. Na watu wa kampuni wakija kuchukua sampuli yao, usiwazuie, ukiwafukuza unaipoteza ile kinga ya sheria.

Sasa Mjomba Hamisi na shamba la Madimba.

Hapa nakuomba kaka usimame kama mkubwa wa nyumba. Nimesikia wapimaji wamepita, na mjomba anatembea akisema "tusaini haraka, tutakula mrabaha kama wa mtoto wetu Marekani". Mwambie polepole, asione nimemvunjia heshima: kwetu gesi haina ghorofa. Sheria ya Petroli ya 2015 inasema ni mali ya Jamhuri ya Muungano, hata iwe chini ya kitanda chako. Mrabaha unakwenda serikalini, na ushuru wa huduma unakwenda halmashauri. Mwenye shamba anapata fidia ya cha juu tu. Kwa hiyo kila shilingi yetu iko kwenye ile fomu ya uthamini, na ikishasainiwa ni kazi kubwa kuifungua.

Kabla mthamini hajaja, hesabuni mikorosho mti kwa mti, yenye kuzaa mbali, michanga mbali, muipige picha pamoja na ile miembe miwili na kaburi la bibi. Siku ya kuhesabu mtendaji wa kijiji awepo na wewe uwepo. Fomu yenye nafasi tupu isisainiwe, na nakala ibaki nyumbani. Fidia inajumuisha thamani ya ardhi, mazao, majengo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Ulizeni kila moja imeandikwa wapi. Ikichelewa zaidi ya miezi 6, inadaiwa pamoja na riba. Na mjomba hana saini hapo. Shamba ni la marehemu Baba, mirathi haijafunguliwa, wenye haki ni Mama na sisi sote, Bi Zainabu na watoto wake wakiwemo, najua Somoe atanuna. Nenda mahakama ya mwanzo ukafungue mirathi kabla ya mwezi huu kwisha.

Bati za nyumba ya Mama natuma tarehe 5, laki 8, kutoka mshahara, haina uhusiano na gesi yoyote. Ada ya Rashidi Januari. Mtaji wa Somoe nitazungumza naye mwenyewe akishaniita kwa jina langu tena.

Nasikia mabibo yamejaa mwaka huu. Mwambie Mama kama kuna mtu anakuja Dar akampe ming'oko kidogo, mtoto wa Shangazi Fatu anasafiri kuja huku mwezi ujao. Na unitumie picha ya hati ya kimila ya shamba, pande zote mbili, siyo kama ile ya mwanzo iliyokatwa mhuri.

Mdogo wako,
Juma